Je, wajua kwa nini shimo la jirani hupasua ukuta wako?

Shimo linachimbwa ng'ambo ya barabara. Hakuna katapila lililogusa nyumba yako, lakini kwenye kona ya dirisha umeona ufa mwembamba unaopanda kimshazari, na siku chache baadaye mlango unakwama. Fundi atakwambia nyumba imetitia. Ni kweli. Ila udongo uliokuwa chini yake umekwenda wapi?

Umekwenda shimoni.

Udongo laini wa mfinyanzi ulioshiba maji una tabia ya kinyunga cha chapati: ukibonyeza huku, unatokeza kule. Maji yamenaswa katikati ya chembe ndogo mno na hayatoki kwa siku chache, kwa hiyo udongo haushindiliki, unahama tu. Mita moja ya ujazo ya udongo huo ina uzito wa tani 1.6 hivi. Ukichimba mita 30, umeondoa karibu tani 48 juu ya kila mita ya mraba ya sakafu ya shimo, na nje ya ukuta unaozuia kingo za shimo mzigo ule ule bado upo. Basi udongo wa nje unausukuma ukuta kuelekea ndani, na mwingine unapenya chini ya ncha ya ukuta na kuiinua sakafu. Kilichoingia ndani kimepungua nje, kwa hiyo uso wa ardhi unashuka. Na kwa kuwa kona ya nyumba iliyo karibu na shimo hushuka kuliko ya mbali, ukuta wa nyumba hupasuka kimshazari.

Mwaka 1969 mhandisi Mmarekani Ralph Peck alikusanya vipimo vya machimbo mengi, akaonyesha kwamba kwenye udongo laini ardhi iliweza kushuka zaidi ya asilimia 1 ya kina cha shimo, na athari kufika umbali wa mara kadhaa ya kina hicho. Kuta nene za zege za siku hizi zimepunguza sana hali hiyo. Hazijaimaliza.

Watu wengi hudhani kwamba vyuma vinavyokingamishwa kutoka ukuta hadi ukuta ndivyo vinavyomaliza kazi. Hapa ndipo penye siri yote. Chuma huzuia ukuta pale kilipo, lakini huwezi kukiweka kabla hujachimba kufika pale. Wakati huo ukuta umeshabetuka chini zaidi, ndani ya udongo ambao bado haujachimbwa, mahali ambapo jicho halioni. Kila hatua ya kuchimba huongeza mbetuko kidogo, na chuma kinachofuata hukuta ukuta umekwisha kusogea. Ndiyo maana mafundi huvikaza vyuma kwa jeki mapema, na wakati mwingine huuchanganya udongo wa chini na saruji kabla ya kuchimba, ili kuta ziwe na kitu cha kuegemea. Ndiyo maana pia hushusha kipimo cha mbetuko kiitwacho inklinometa kwenye bomba lililozikwa ukutani au kando yake, kisomwe tena na tena.

Kipimo hicho kilikuwa kikisema waziwazi huko Singapore mwaka 2004. Kando ya barabara ya Nicoll Highway palikuwa pakichimbwa njia ya treni ya chini ya ardhi, kwenye udongo laini wa baharini. Shimo lilikuwa limefika mita 30 hivi, likiwa na ngazi 9 za vyuma, na ukuta wa kusini ulikuwa umebetuka sentimita 44. Kikomo cha awali kilikuwa sentimita 14.5, kilipopitwa, hesabu zilirudiwa na kikomo kikapandishwa. Kwangu mimi hilo ndilo linaloumiza kuliko yote. Uchunguzi ulikuta kwamba hesabu za kompyuta ziliupa udongo nguvu usiyokuwa nayo, na kwamba viungo vya vyuma na ukuta vilikuwa dhaifu kuliko mzigo wake.

Asubuhi ya tarehe 20 Aprili wafanyakazi walisikia vyuma vikilia, na viungo vya ngazi ya 9 vikaanza kujikunja. Mzigo ulihamia ngazi ya 8, nayo haikuuweza. Saa tisa na nusu alasiri kuta zikaanguka ndani na barabara ikazama pamoja nazo. Watu 4 walikufa. Mmoja wao, msimamizi aliyewahimiza wenzake watoke, mwili wake haukupatikana.

Shimo lilijazwa, na barabara ikafunguliwa tena Desemba mwaka huo. Kituo cha treni kilijengwa umbali wa mita 100 hivi kutoka hapo, na kuanza kupokea abiria mwaka 2010.