Mdudu mlaji na nyigu kimelea wanasaidiana, sio mmoja bora kuliko mwingine

Simu tunazopokea siku hizi toka kwa wakulima wa mboga wa Ilemela, Magu na Misungwi mkoani Mwanza zina lalamiko moja, mlisema tuwaache wadudu rafiki wanaoangamiza wadudu waharibifu, mbona vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, bado wapo kwenye kabichi? Jamani, wataendelea kuwepo. Mdudu rafiki akimaliza chakula chote anakufa au anahama, tunachotafuta ni vidukari wapungue mpaka wasikutie hasara.

Alafu wengine wanapulizia dawa hao hao rafiki bila kujua. Ladibedi aliyekomaa, yule mdudu wa duara mwenye madoa, mnamjua, ila mtoto wake ni mweusi, mrefu, ana magamba kama mtoto wa mamba, mtu akimuona anakimbilia bomba la dawa. Huyo mnayemuua ndo mlaji wenyewe.

Sasa swali la yupi bora, mlaji kama ladibedi au kimelea kama nyigu, limekaa vibaya. Ladibedi anafanya kazi penye wingi, kwa siku anakula makumi ya vidukari, lakini wakibaki wachache hana subira, anaruka anaenda kwa jirani. Nyigu kimelea ni mdogo kuliko sisimizi, hang'ati mtu, na yeye anamsaka hata kidukari mmoja aliyejificha kwenye mkunjo wa jani, anamtagia yai ndani, funza anamla toka ndani mpaka linabaki ganda limevimba rangi ya kahawia. Mmoja anazima mlipuko, mwingine anazuia waliobaki wasianze upya.

Hili sio jipya. Mwaka 1888 Marekani ilipeleka mtu Australia kwa ajili ya mdudu aliyekuwa anamaliza michungwa ya California, wakaletwa ladibedi na nzi kimelea kwa pamoja, na baadae ikaonekana nzi ana nguvu zaidi pwani kwenye ubaridi, ladibedi ana nguvu bara kwenye joto. Kwenye muhogo, nyigu Anagyrus lopezi alitolewa Amerika Kusini akaachiwa Nigeria 1981 dhidi ya kidung'ata, mdudu mweupe kama unga anayefyonza muhogo, ladibedi nao waliachiwa ila nyigu ndo alibeba mzigo. Kwahiyo inategemea mdudu na inategemea mahali.

Na ndiyo, ladibedi anakula pia kidukari mwenye nyigu ndani. Hilo tunalijua, msitupigie simu. Mara nyingi hasara hiyo ni ndogo kuliko faida, cha muhimu ni mpangilio, nyigu waanze mapema vidukari wakiwa wachache, walaji wafuate wakizidi.

Kuna wanaosema mlituletea sangara Ziwa Victoria akamaliza samaki wadogo aina ya furu, sasa mnataka kuleta nyigu. Hoja ina uzito, hatuibezi. Sangara anakula karibu kila samaki anayemkuta, na alipoletwa hakupimwa kama tunavyopima leo, wakati nyigu wengi wa aina hii wanategemea mdudu mmoja au ndugu zake wa karibu tu. Ndo maana chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya Tanzania ya 2020 huwezi kubeba kichupa cha wadudu ukapita nacho mpaka wa Sirari na Kenya kwenye begi. Unaomba kibali kabla mzigo haujatoka huko, unataja jina la kisayansi, nchi anakotoka na mdudu unayemlenga, akifika anawekwa karantini, anakaguliwa kama hana vimelea vyake mwenyewe, anajaribiwa kwa wadudu wengine wasiolengwa, ndipo idhini ya kumuachia itolewe au inyimwe, na ukishamuachia bado unatakiwa kutoa taarifa. Kibali cha mwenzako hakikuhusu. Kuingiza bila kibali ni kosa, adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na mzigo unaweza kuteketezwa, na kusema hukujua sio utetezi.

Lakini mkulima wa kawaida wala hahitaji kuagiza, wengi wapo tayari shambani kwako. Kabla ya kupuliza geuza majani ya chini, ukikuta maganda ya kahawia na watoto wa ladibedi subiri siku chache uangalie tena, maana dawa za kuua papo hapo zinamaliza nyigu kirahisi kuliko vidukari. Acha giligilani chache zitoe maua, nyigu waliokomaa wanaishi kwa utamu wa maua. Na sisimizi wakiwa wengi kwenye shina shughulika nao kwanza, wanawalinda vidukari kwa ajili ya ule utomvu wao mtamu na wanafukuza nyigu na ladibedi wote.