Je, wajua kwa nini bustani nyingine za mjini hupandwa kwenye makreti?

Kiwanja kimepimwa, ramani ya jengo ipo, lakini ujenzi hauanzi. Pengine mkopo haujatoka au kibali kimekwama, na hali hiyo huweza kudumu miaka. Majirani wakiomba walime mboga hapo kwa muda, wenye viwanja wengi hukubali. Kwa nini, ilhali siku moja watawaondoa?

Kiwanja kitupu kina gharama. Hugeuka jalala, magugu hujaa, mlinzi hulipwa. Wakulima hukifyeka na kukilinda kwa kuwapo tu. Kodi nayo huchangia: mwaka 2013 California ilipitisha sheria inayoruhusu miji na kaunti kumpunguzia kodi mwenye kiwanja anayekubali kilimwe kwa miaka 5 au zaidi. Hofu yake kubwa ni watu kuja kudai ardhi ni yao, ndiyo maana hutoa ruhusa ya maandishi yenye muda maalumu.

Sasa makreti. Udongo wa mjini si wa kuaminiwa. Palipobomolewa nyumba za zamani, rangi za kale na moshi wa petroli vimeacha madini ya risasi, ambayo hayaozi na hung'ang'ania tabaka la juu, pale pale mizizi inapopita. Watoto ndio huathirika zaidi. Udongo safi ndani ya kreti hukwepa hatari hiyo. Kina cha sentimita 20 kinatosha saladi, karoti zataka kama 30.

Faida ya pili ndiyo inayonivutia zaidi: bustani huweza kuhama. Kule King's Cross, London, mboga zilipandwa ndani ya makontena ya chuma ya kubebea vifusi, na ujenzi uliposogea, bustani ikasogezwa. Berlin nako, bustani ya Prinzessinnengarten ilianza mwaka 2009 kwenye kiwanja kilichokaa kitupu kwa miongo, viazi vikiota kwenye magunia ya mchele. Mpango wa kukiuza ulipojitokeza mwaka 2012, maelfu walitia saini kuupinga, na kiwanja hakikuuzwa.

Kwa maoni yangu, ruhusa isiyotaja muda wa notisi haifai kutiwa saini. Notisi ya mwezi mmoja yatosha kuvuna figili. Karoti huhitaji takribani miezi mitatu, na mti wa matunda usipandwe kabisa, labda kwenye pipa linalobebeka.