Je, zamani mtu wa miaka 35 alikuwa mzee?

Wengi tumesikia kwamba miaka 200 iliyopita binadamu aliishi miaka 30 hivi, na kwa hiyo mwenye 35 alikuwa tayari mzee. Takwimu yenyewe haiko mbali na ukweli. Inapopotea ni kwenye tafsiri.

Hiyo 30 ni wastani wa umri wa kuishi tangu kuzaliwa, na vilivyovuta wastani huo chini zaidi ni vifo vya watoto: karibu 4 kati ya 10 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Chukua kalamu. Watoto 10 wamezaliwa, 4 wamefariki wakiwa na mwaka 1, 6 wamefariki wakiwa na 60. Jumla ni miaka 364, wastani 36.4. Hakuna hata mmoja wao aliyefariki akiwa na 36!

Leo duniani vifo hivyo ni chini ya 4 kati ya 100, na wastani umepita miaka 70. Maji safi, chanjo na lishe vimechangia sana; kukua kwa uchumi kumegharimia mengi, ingawa chanjo zimeokoa watoto hata katika nchi maskini. Watu wazima nao wamenufaika, tusisahau: mwenye 50 leo ana miaka mingi zaidi mbele yake kuliko wa enzi zile.

Ukikutana na takwimu kama hiyo, uliza imehesabiwa kuanzia umri gani. Majedwali ya vifo ya idara za takwimu huonyesha miaka iliyobaki kwa kila umri. Linganisha mstari wa umri 0 (tangu kuzaliwa) na wa umri 15.