Jeni moja, mwili mzima: maswali na majibu

Daktari wa macho amekuta lenzi ya jicho langu imehama, sasa anataka nipimwe moyo. Jicho na moyo wapi na wapi?

Hajakosea njia. Lenzi huhama kwa sababu nyingi, pigo la jichoni likiwamo, lakini mojawapo ni hitilafu katika jeni ya FBN1, iliyopo kwenye kromosomu ya 15. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza fibrilini, protini ya nyuzi zinazoshikilia tishu. Nyuzi hizo ndizo zinazoining'iniza lenzi, na zimo pia katika ukuta wa aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Zikiwa dhaifu, lenzi huteleza na aota hutanuka polepole. Isipogunduliwa mapema inaweza kuchanika. Wengi wenye tatizo hili ni warefu, wembamba, wenye vidole virefu. Huitwa ugonjwa wa Marfan, na humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000.

Kumbe jeni moja ina kazi nyingi?

Hapa kazi ni moja, ila inafanyika mahali pengi. Uzi mbovu ukishonea shati, begi na turubai, vyote vitafumuka, kila kimoja kwa namna yake. Wanasayansi huita hali hii pliotropia.

Ndivyo ilivyo na sikoseli?

Hapo njia ni nyingine, na kwangu ndiyo inayoshangaza zaidi. Kosa ni la herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, na hemoglobini hukaa ndani ya seli nyekundu za damu. Lakini damu inafika kila mahali. Seli zikijikunja kama mundu huziba mishipa midogo: mifupa inauma, bandama inaharibika, hata kiharusi kinaweza kumpata mtoto. Aliyerithi nakala moja tu yenye kosa kwa kawaida haumwi, tena hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali.

Kwetu hakuna mwenye Marfan. Naweza kuwa nayo?

Ndiyo. Karibu robo ya wagonjwa ni wa kwanza katika ukoo wao. Ukikutwa nayo, kila mtoto wako ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi, na dalili zake huenda zisifanane na zako: wewe macho, yeye aota. Kwa hiyo watoto nao wapimwe moyo kwa ultrasaundi, hata wakiona vizuri.