Pointi za kadi: benki haioni ulichobeba kikapuni

Dhana: Ukinunua mchele na mafuta ya kupikia ya mkahawa wako Malindi, kadi yako ya mkopo itakupa pointi za chakula, yaani zawadi ya benki kwa kulipia chakula kwa kadi.

Ukweli: Benki iliyokupa kadi haioni mchele. Inaona tarehe, kiasi, jina la muuzaji na msimbo wa tarakimu nne unaoambatana na mashine yake ya kadi: 5411 ni supamaketi, 5812 mkahawa, 5251 hadwea, 7011 hoteli. Chukulia kadi yako inatoa pointi 3 kwa kila shilingi 100 supamaketini na 1 kwingineko. Ukinunua vitu vya shilingi 60,000 supamaketini una pointi 1,800. Vitu vile vile ukivichukua kwa muuzaji wa jumla mwenye msimbo mwingine, una 600. Ila usisahau kwamba sabuni na balbu za supamaketi nazo huhesabiwa kama chakula!

Dhana: Muuzaji hujichagulia msimbo.

Ukweli: Hupangiwa na benki iliyompa mashine, kwa kufuata biashara inayomwingizia zaidi. Msimbo hugusa pia ada anayokatwa, ndiyo maana hawezi kujipangia. Shida huja akibadilisha kazi. Aliyeanza kwa kuuza vifaa vya boti na sasa anakaanga samaki hubaki na msimbo wa zamani mpaka aende benki yake na barua na nakala ya leseni ya biashara ya kaunti. Marekebisho huanzia hapo. Malipo yaliyopita kwa kawaida hayaguswi.

Dhana: Kula hotelini ni sawa na kula mkahawani.

Ukweli: Inategemea mashine. Ikiwa bili ya chakula inalipiwa mapokezi, ni 7011. Na chumba cha Lamu ulichomlipia wakala wa safari huenda kikaandikwa 4722, msimbo wa mawakala wa safari.

Dhana: Kutia pesa kwenye simu kwa kadi ni ununuzi kama mwingine.

Ukweli: Hapa ndipo watu huumia. Kadi nyingi hazitoi pointi kwa malipo hayo, na baadhi huyahesabu kama kutoa pesa taslimu: unakatwa ada, na riba inaanza siku hiyo hiyo. Ukilipa Till (namba ya malipo ya duka) kwa salio la M-Pesa, kadi haikuhusika kabisa.

Kabla ya ununuzi mkubwa, jaribu kwa kitu cha shilingi 200 kwenye mashine ile ile. Subiri malipo yathibitishwe, mara nyingi siku moja hadi tatu, kisha tazama aina ya biashara kwenye programu ya benki. Isipoeleweka, pigia benki yako, uwatajie tarehe, kiasi na namba ya mashine (TID) iliyo kwenye risiti, uulize tarakimu nne. Keshia usimsumbue, hana habari. Risiti ipige picha mapema: karatasi ile hufifia, hasa ukiiacha juani kwenye tuktuk.