Ukiweka ND unamfungia nani?

Kila mafunzo ya kuchapisha makala za utafiti yakifika kwenye leseni za Creative Commons (CC), zile zinazosema wengine waitumie vipi kazi yako, linatoka swali lilelile: "Si bora nichague ND (NoDerivatives, kazi isibadilishwe), wasije wakaniibia kazi yangu?" Si bora. Na naliandika hapa ili mara ijayo nitume kiungo, ninyamaze.

Kwamba ufikiaji huria (makala kusomwa bure na yeyote) si lazima ulipie, na kwamba DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria, imejaa majarida yasiyomtoza mwandishi hata senti, nadhani tumeshalimaliza. Hapa nazungumzia kisanduku kimoja tu, kile kinachokuja makala ikishakubaliwa: CC BY (tumia utakavyo, mradi umtaje mwandishi) au CC BY-NC-ND (umtaje, usiifanyie biashara, usisambaze iliyobadilishwa)? Vijana wengi wanakimbilia hiyo ndefu. Herufi nyingi, makufuli mengi, ati.

La wizi kwanza, maana ni jepesi. Leseni zote sita za Creative Commons zina BY ndani yake. Mtu akitumia kazi yako bila kukutaja, kavunja CC BY kama vile angevunja hiyo ndefu. Mwizi wa makala hafungui ukurasa wa leseni hata siku moja.

ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ni mabadiliko. Hapo ndipo damu inaponichemka. Chukua makala ya Kiingereza juu ya ugonjwa unaoyafanya matawi ya mwani yageuke meupe na kukatika bahari ikipata joto. Data zimetoka Paje, Zanzibar, kwenye kamba za kinamama waliojibu maswali yako maji yakiwa magotini. Afisa ugani anataka kuitia Kiswahili, achape kurasa nne, agawe bure Jambiani na Micheweni. Chini ya ND, toleo la 4.0, anaruhusiwa kuitafsiri akaifungia kwenye saraka ya meza yake. Akigawa nakala, kavunja leseni. Kiingereza chako anaweza kukigawa chote kama kilivyo. Ahsante sana.

"Basi ataniomba mimi ruhusa." Unayo ya kumpa? Soma mkataba. Wapo wachapishaji ambao, ukichagua NC-ND, wanakutaka papo hapo uwape wao haki za pekee za uchapishaji. Jina juu ni lako, ruhusa ya tafsiri inatoka kwao. Hapo barua pepe zinaanza, na msimu wa mwani haumngojei mtu.

Mwengine anaogopa tafsiri mbovu yenye jina lake. Hofu hiyo naielewa, lakini CC BY 4.0 imeshaiwekea dawa: mtafsiri lazima aseme kwamba kabadilisha, haruhusiwi kujifanya umemuunga mkono, na ukimtaka aondoe jina lako, aliondoe kadiri inavyowezekana. Mstari wa kutosha chini ya kijitabu ni huu: "Tafsiri ya [kichwa], [waandishi, jarida, mwaka, DOI yaani kiungo cha kudumu cha makala], CC BY 4.0 (creativecommons.org/licenses/by/4.0). Jedwali la 2 limefupishwa. Waandishi hawakuipitia tafsiri hii."

NC, ile ya kuzuia biashara, sina jibu safi. Kituo cha fotokopi nje ya geti la chuo kinatoza kwa ukurasa. Ni biashara au ni huduma? Maelezo ya leseni yanatazama matumizi yaliyolenga hasa faida au malipo, na watu wenye akili zao wanabishana mpaka leo. Tena uangalie mfadhili kabla ya kubofya: Wellcome, kwa mfano, wanataka CC BY. Waandishi wenzako nao wajue, maana leseni ya CC ikishatoka hairudi.

Kama makala imeshatoka kwa ND, hujafungwa kabisa. Hakimiliki haishiki ukweli wala namba. Kaa uandike maelezo mapya ya Kiswahili kutoka kwenye matokeo yako, usifuate aya kwa aya, na grafu uzichore upya kutoka kwenye data. Hayo ni yako, yape CC BY.

Pahala pamoja naona wenye ND wana uchungu wa haki: makala za dawa za miti. Lakini hata hapo herufi hizo haziwasaidii, kwa kuwa hakimiliki inalinda maneno yako, ujuzi wa mganga haiugusi. Atakayetaka kuuchukua atausoma tu, leseni iwe yoyote. Kama jina la mti na kipimo chake viandikwe au visiandikwe, hilo aulizwe mganga, kabla makala haijafika kwa mhariri.