Maelezo ya Kampuni Katika Mchanganuo wa Biashara: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mchanganuo wa biashara unapofika mezani kwa afisa mikopo, sehemu ya maelezo ya kampuni ndiyo anayoweza kuihakiki kwa haraka kuliko nyingine zote. Makadirio ya faida yanahusu kesho, lakini maelezo ya kampuni yanahusu kilichopo leo, na karibu kila sentensi yake ina cheti, leseni, mkataba wa pango au risiti inayoithibitisha au kuikanusha. Wajasiriamali wengi wa Dar es Salaam huiandika kama utangulizi wa kupita nao haraka ili wafike kwenye hesabu, na matokeo yake ni kwamba mchanganuo unaanza kutiliwa shaka kabla hesabu hizo hazijasomwa.

Dhana: Biashara yoyote yenye jina lililosajiliwa ni kampuni.

Hili ndilo kosa zito kuliko yote. BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, husajili majina ya biashara chini ya Sura ya 213 ya sheria za Tanzania, na husajili kampuni chini ya Sura ya 212, ambayo ni Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002. Maombi ya aina zote mbili hufanyika kwa njia ya mtandao kwa wakala huyohuyo, na kila moja huishia kwenye cheti, ndiyo maana watu huzichanganya. Hata hivyo, jina la biashara halimzai mtu mpya mbele ya sheria. Mmiliki na biashara yake ni kitu kimoja, deni la biashara ni deni lake, na mdai akishinda kesi anaweza kuomba mahakama ikamate hata mali za mmiliki ambazo hazikuwahi kuhusika na biashara. Kampuni yenye ukomo wa dhima kwa hisa, kwa upande wake, humiliki mali kwa jina lake, hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na mwanahisa hawajibiki zaidi ya thamani ya hisa alizokubali kulipia, isipokuwa awe ametoa dhamana binafsi, jambo ambalo mabenki huwadai wakurugenzi mara kwa mara.

Kwa hiyo mwenye jina la biashara anapoandika kwamba kampuni yake ina wakurugenzi wawili, ametoa taarifa isiyo ya kweli, hata kama hakukusudia kumdanganya mtu. Afisa mikopo akigeukia viambatisho na kukuta cheti cha jina la biashara, ana haki ya kujiuliza ni wapi pengine maelezo hayalingani na nyaraka. Mjasiriamali aandike waziwazi kwamba ni biashara ya mtu mmoja, au ni ubia wa watu wawili, iliyosajiliwa kwa jina la biashara, kisha ataje namba ya usajili na mwaka. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Hali ni hiyohiyo kwa vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: kikundi kijieleze kama kikundi, kitaje wanachama wake na cheti chake, na kisijiite kampuni kwa kudhani kwamba kitapata uzito.

Dhana: Maneno makubwa humpa msomaji imani.

Tuchukulie wanawake wawili wanaosaga unga wa lishe Mbagala. Katika rasimu yao ya kwanza wameandika: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa bidhaa bora za lishe Afrika Mashariki, yenye timu ya wataalamu waliobobea." Msomaji akimaliza sentensi hiyo hajui wanatengeneza nini, wapi, wala nani hununua. Sasa asome hii: "Tunasaga na kufungasha unga wa lishe wa mahindi, ulezi, soya na karanga katika chumba cha kupanga Mbagala Rangi Tatu. Tunauza pakiti za nusu kilo na kilo moja kwa maduka 14 ya rejareja wilayani Temeke, na mmoja wetu aliwahi kusimamia mashine za kusaga kwa miaka sita." Sentensi hizi hazina hata sifa moja ya kujipamba, lakini zinajibu maswali yote ambayo mkopeshaji angeuliza kwa simu. Kwa kuwa bidhaa yao ni chakula, waongeze pia walipofikia na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Kama cheti bado, waandike kwamba maombi yamewasilishwa, na wataje tarehe.

Dira na dhamira zina nafasi yake, ila sentensi moja moja inatosha.

Dhana: Anwani ya katikati ya jiji huipa biashara hadhi.

Wapo wanaoandika Posta au Kariakoo ilhali kazi yote hufanyika Tegeta au Mbagala. Leseni ya biashara hutolewa kwa eneo mahususi, na zile zinazotolewa na serikali za mitaa hutoka katika halmashauri ya mahali biashara ilipo: ya Tegeta itatoka Manispaa ya Kinondoni, ya Mbagala itatoka Temeke, na ya Sinza itatoka Ubungo. Anwani ya kupamba haitalingana na leseni wala na mkataba wa pango, na siku afisa atakapokuja kukagua eneo atapotezwa njia. Zaidi ya hayo, anwani ya kweli mara nyingi ni hoja nzuri yenyewe, kwa sababu pango la Mbagala lililo nafuu na lililo karibu na wateja ni sababu ya kibiashara inayostahili kuelezwa.

Dhana: Biashara ndogo haina cha kueleza.

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaitambua hata biashara yenye mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, na kuiita biashara ndogo sana. Anayeanza aeleze alichokwisha kukifanya: namba ya mlipakodi, fremu aliyoilipia, sampuli alizozijaribu, wateja walioagiza.

Dhana: Historia ni simulizi ya maisha ya mwanzilishi.

Mkopeshaji anahitaji historia ya biashara, na aya moja inamtosha. Penye haja ya uangalifu ni pale biashara ilipobadili umbo. Jina la biashara haligeuki kuwa kampuni kwa kuongezewa neno "Limited" mwishoni. Kampuni husajiliwa upya, hupata namba yake ya mlipakodi kutoka TRA, leseni yake na akaunti yake ya benki. Kama duka lilianza mwaka 2019 kwa jina la mmiliki na kampuni ikasajiliwa mwaka 2024, umri wa kampuni unahesabiwa tangu 2024, na mauzo ya miaka iliyotangulia ni ya mmiliki binafsi. Yote mawili yatajwe, kila moja na tarehe yake, na ielezwe ni vifaa gani, bidhaa zipi na madeni yapi yaliyohamishiwa kwenye kampuni na yapi yamebaki kwa mmiliki, kwa sababu mashine ambayo risiti yake bado ina jina la mtu haihesabiki kuwa mali ya kampuni hadi pawepo hati ya kuihamisha.